Binti yako anawajua bibi zake walioandika?

Wiki mbili zilizopita tulizungumza hapa kuhusu wasichana wanaovunja ungo bila kuwa na mtu wa kuwaeleza kinachotokea mwilini mwao. Meseji zilizokuja baada ya hapo zilikuwa nyingi, na nyingi nitazijibu taratibu. Ila moja siwezi kuiweka kiporo. Imetoka kwa mama mmoja wa Tanga.

"Asalaam aleykum mdogo wangu. Nina binti wa miaka kumi na minne, anapenda sana kusoma. Shule anasoma, madrasa anasoma. Lakini vitabu vinavyomhusu mwanamke wa Kiislamu anavyovikuta ni vya aina mbili tu: vya kumwambia afanye nini, na vya kumwonea huruma. Hakuna ambavyo wanawake wenyewe wanasema, au vinavyoeleza walichokifanya? Najua wewe ni wa mambo ya afya, lakini nisaidie."

Waaleykum salaam dada yangu. Vipo, na tena vingine vimeandikwa kwa Kiswahili chetu hiki. Na wala hujakosea mlango. Swali lako ni la afya, na nitaanzia huko huko.

Mtu yeyote anayekaa kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto ataliona jambo hili kabla ya saa kwisha. Muuguzi anamuuliza mjamzito, "Unajisikiaje?" Anayejibu ni mama mkwe. Anauliza damu ilianza kutoka lini, anajibu mume aliyesimama mlangoni. Mwenye mwili ameinamisha kichwa, anachezea ncha ya khanga. Wanaojibu hawana nia mbaya, wengi wao wanampenda. Lakini muuguzi anaandika kwenye kadi habari za mtu wa pili, na kwenye tiba habari ya mgonjwa mwenyewe ni nusu ya kipimo. Kuna maumivu ambayo mama mkwe hayajui, na kuna damu ambayo mume hajaiona.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wengi wa wanawake hawa hawafichi. Hawajazoea kusikia mwanamke kama wao akisimulia habari zake kwa mdomo wake, akianza na neno "mimi". Kitabu hakiwezi kumaliza tatizo hilo peke yake, ila kinaweza kumpa msichana zoezi la kwanza.

Mgonjwa aliyeomba wino na karatasi

Anza na wa nyumbani. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mwanamke wa Pate, katika visiwa vya Lamu. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu, aliyepambana na Sultani Said wa Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, mjane wake alitunga utendi wa beti 102 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, aliyekuwa msichana wa takriban miaka 17.

Wengi tumeusikia Utendi wa Mwana Kupona kama mawaidha ya ndoa: mheshimu mume, pamba nyumba, chunga ulimi. Hayo yamo. Lakini tazama unavyoanza. Anayesema ni mgonjwa. Anamwita binti yake akae karibu naye na alete wino na karatasi. Anamweleza kwamba ameugua mwaka mzima, na kwamba muda wote huo hakupata nafasi ya kumwambia neno la maana. Hapo mwanzo hataji hata ni ugonjwa gani.

Nikiusoma kama mwandishi wa afya, hapo ndipo ninapokwama kila mara. Mama anaumwa, anaona muda unamponyoka, na hofu yake kubwa ni binti kubaki bila maneno ya mama. Hakungoja shangazi aje kumsemea. Alikaa akatunga, tena kwa ufundi ambao leo, zaidi ya miaka 160 baadaye, bado unafundishwa vyuoni. Na hakumwandikia Hashima peke yake, kwani ndani ya utendi anawaita wanawake wengine nao wausome. Wanawake wa pwani waliuhifadhi na kuunakili kwa hati za Kiarabu, hadi Alice Werner alipouchapisha mwaka 1917, na tena pamoja na William Hichens mwaka 1934 kama kitabu.

Sasa, binti wa miaka kumi na minne wa leo atakutana na beti zitakazomkera. Zipo zinazofungamanisha pepo ya mke na radhi ya mume. Zipo zinazozungumzia watumwa wa nyumbani kama jambo la kawaida, kwa sababu kwa mama wa tabaka lake lilikuwa la kawaida. Usimrukishe. Mwambie: huyu alikuwa mke wa mtawala, katika zama zake, anamwachia mtoto silaha alizozijua yeye. Wapo hata wasomi, kama Ann Biersteker mwaka 1991, waliojadili kwamba baadhi ya beti zina kejeli ndani yake, kwamba mama anamfundisha binti namna ya kuishi na mwenye nguvu bila kupoteza akili yake. Binti yako naye aseme anavyoona. Mtoto anayeruhusiwa kubishana na bibi wa mwaka 1858 hatashindwa kumwambia daktari, "Hapana, si hapo, panauma hapa."

Angalizo moja: lahaja yake ni ya kaskazini, ngumu kwa msomaji wa Kiswahili cha shule. Tafuta chapa yenye maelezo ya maneno, na msome beti tano tano.

Bibi watatu, kinasa sauti kimoja

Cha pili, dada yangu, ndicho ningekipa nafasi ya kwanza kama ningeambiwa nichague kimoja. Kinaitwa Wanawake Watatu wa Kiswahili: Hadithi za Maisha kutoka Mombasa, Kenya. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Waliokitayarisha ni Sarah Mirza na Margaret Strobel, lakini wenye maneno ni bibi watatu: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala, na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy.

Hawakuwa malkia wala mashujaa wa vita. Walikuwa wanawake wa Mombasa waliokaa wakaulizwa maisha yao, wakajibu, na majibu yao yakarekodiwa na kuandikwa. Wamezungumza habari za kulelewa, kuolewa na kuachwa, ngoma za lelemama na mashindano yake, na kazi ya somo anayemfunda mwari.

Kitabu hiki kina thamani nyingine. Bi Kaje alitoka familia iliyomiliki watumwa. Mishi wa Abdala alikuwa wa kizazi cha watumwa. Wote Waislamu, wote wa mji mmoja, wote wanawake, na mji ule ule kila mmoja aliuona kutoka upande wake wa ukuta. Bi Shamsa ni wa kizazi cha baadaye kidogo, na mabadiliko yanasikika. Binti yako akimaliza kukisoma, mtu akimwambia "mwanamke wa Kiislamu yuko hivi", atauliza, "Yupi?"

Tuje kwa somo, au kungwi kama wengine wanavyomwita. Zamani mwari alikuwa na mtu maalumu wa kumwambia habari za hedhi, usafi na unyumba. Si kila alichofundishwa kilikuwa sahihi kwa elimu ya leo, na mengine yalimtayarisha zaidi kumpendeza mtu mwingine kuliko kuujua mwili wake. Lakini mtu wa kumuuliza alikuwepo. Leo katika nyumba nyingi za mijini somo hayupo, mama anaona haya, mwalimu anaruka mada, na simu ndiyo inayofunda. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa sasa unaingia chumbani bila hodi.

Ndiyo maana nasema msome pamoja. Mnapofika panapozungumzwa mwari, una mlango wa kuingilia: "Sisi tulifundwa hivi. Wewe umeambiwa nini?" Ni rahisi kuzungumzia hedhi ya bibi wa Mombasa kuliko kuanza na ya mtoto aliye mbele yako. Na mkiwa mmefika hapo, ongeza yale ambayo vitabu hivi havina. Hedhi inayopita siku saba, pedi au kitambaa kinacholowa chote ndani ya saa moja au mbili, mabonge makubwa ya damu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio kwa kazi ndogo: hayo si ya kuvumilia, ni ya kupeleka kituo cha afya. Na wewe mama, damu ikirudi baada ya hedhi kukoma kwa umri, au ikitoka baada ya tendo la ndoa, nenda ukapimwe hata kama ni tone.

Sokoto, wakati ule ule

Toka pwani sasa, vuka bara zima hadi Sokoto, Nigeria ya leo. Nana Asma'u alizaliwa mwaka 1793 na kufariki 1864, maana yake aliishi zama moja na Mwana Kupona. Wakati mmoja anatunga huku pwani, mwingine alikuwa anatunga Sokoto, na wote wawili walitumia ushairi kufundisha wanawake. Wala sina sababu ya kudhani waliwahi kusikiana.

Asma'u alikuwa binti wa Sheikh Uthman dan Fodio, mwanzilishi wa dola ya Sokoto. Aliandika kwa Kifula, Kihausa na Kiarabu, na zaidi ya tungo sitini zake zimehifadhiwa. Lakini kazi yake ninayoipenda zaidi ni ya miguu. Aliona wanawake wa vijijini hawawezi kuja kusoma, wana watoto na mashamba. Akaunda mtandao ulioitwa 'Yan Taru. Viongozi wake, kila mmoja akiitwa jaji, walivaa kofia pana ya ukili iliyofungwa kitambaa kama alama ya cheo, wakaongoza makundi ya wanawake hadi kwa Asma'u, wakajifunza tungo kwa moyo, wakarudi nazo kufundisha wenzao. Ushairi ulikuwa daftari la asiyejua kuandika.

Ukiwatazama wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba mitaani kwetu, umeiona kofia ile ya ukili kwa sura nyingine: chagua mwanamke anayeaminika, mfundishe, mrudishe kwao. Asma'u aligusa hata tiba, kwani utungo wake mmoja wa mwaka 1839 unahusu dawa na maradhi. Tusitafute dozi humo, hayo ni ya zama zake. Tutafute mfumo.

Habari zake zimeandikwa vizuri na Jean Boyd katika The Caliph's Sister, mwaka 1989, na yeye pamoja na Beverly Mack wakakusanya tungo zake katika kitabu kikubwa mwaka 1997. Vyote ni vya Kiingereza, lakini binti wa sekondari mwenye kamusi na mama mvumilivu ataviweza kidogo kidogo.

Barua kutoka ndani ya eda

Akifika miaka kumi na sita hivi, mpe Mariama Bâ wa Senegal. Riwaya yake ilitoka kwa Kifaransa mwaka 1979, ikapata Tuzo ya Noma mwaka 1980, mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Kwa Kiswahili inaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Mwandishi mwenyewe alifariki mwaka 1981, hakuishi kuona ilivyosambaa.

Ramatoulaye amefiwa na mume, yumo edani, na katika siku hizo za kukaa ndani anamwandikia rafiki yake Aïssatou. Anaeleza jinsi mumewe alivyooa mke wa pili, msichana aliyekuwa rafiki wa binti yao. Anaswali, anaamini, ana hasira, anacheka. Hamkani dini yake wala hamezi uchungu wake. Kwa msomaji aliyezoea kuambiwa achague kimoja kati ya hivyo viwili, hilo peke yake linatosha kumfungua macho.

Kuna sehemu moja ningependa kila mzazi aisome. Ramatoulaye anagundua binti yake wa shule ana mimba. Unategemea kelele, kipigo, kufukuzwa. Mama anaumia kweli, lakini anamkumbatia mtoto, kisha anakaa na mabinti zake wengine kuzungumza nao waziwazi. Tunajua kinachotokea msichana anapoogopa nyumbani kuliko anavyoogopa kifo: anakwenda kwa mtu wa vichochoroni mwenye vidonge asivyovijua, na anarudi na damu isiyokata. Mlango uliofunguliwa na mama mmoja kwenye riwaya unaweza kumwonyesha mama wa kweli kwamba mlango huo upo.

Ukitaka sauti ya karibu zaidi na ya zama zetu, yupo Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar na riwaya yake Mungu Hakopeshwi, iliyopata tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili. Hapo binti hatahitaji kamusi.

Wa mwanzo kabisa

Baadhi ya wazazi wataniambia, haya ni mambo ya juzi, tupe ya asili. Haya. Shifa binti Abdullah, Sahaba wa Mtume (s.a.w.), alijua kuandika wakati ambapo wachache Makka walijua, na alikuwa na ujuzi wa kutibu upele ulioitwa namla. Hadithi iliyomo katika Abu Daud inaeleza Mtume akimtaka amfundishe bibi Hafsa tiba hiyo kama alivyomfundisha kuandika. Kalamu na tiba, mwanamke kwa mwanamke, katika sentensi moja.

Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa na hema pale kwenye msikiti wa Madina akitibu majeruhi, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Handaki mwaka 627 alipelekwa kwake. Wauguzi wa nchi nyingi za Kiislamu wanamhesabu kama mama wa fani yao.

Na wanazuoni wa zamani waliwaandika wanawake. As-Sakhawi, aliyefariki mwaka 1497, alitenga juzuu zima la mwisho la kamusi yake ya wasifu kwa ajili yao, zaidi ya elfu moja. Katika zama zetu Sheikh Mohammad Akram Nadwi alianza kukusanya majina ya wanawake waliopokea na kusomesha hadithi, akidhani ni kazi ndogo. Imeishia kuwa juzuu 43 kwa Kiarabu, zilizochapishwa mwaka 2021, zenye wanawake wapatao elfu kumi. Utangulizi wake kwa Kiingereza, Al-Muhaddithat, ulitoka mwaka 2007. Ustadh wa madrasa ya binti yako huenda akafurahi kuombwa wasifu wa mmoja tu kila wiki.

Kitabu ambacho hakijaandikwa

Mwisho, dada, kuna kitabu kimoja ambacho hakipo dukani na kinazidi kufifia kila mwaka. Ni cha mama yako au mama mkwe wako.

Mirza na Strobel walihitaji kinasa sauti. Binti yako ana simu. Mwambie akae na bibi yake Ijumaa jioni na maswali matano tu: Ulizaliwa wapi na nani alimzalisha mama yako? Nani alikufunda? Ulijifunguaje mtoto wako wa kwanza? Ulimpoteza nani, na kwa maradhi gani? Kitu gani ulitaka kukifanya hukuruhusiwa? Amuombe ruhusa kwanza, na bibi akisema "hilo zima", azime.

Hilo swali la nne nimeliweka makusudi. Kisukari, presha, saratani ya matiti, upungufu wa damu wa sikoseli, haya mara nyingi hutembea ndani ya ukoo. Daktari anapouliza, "Kwenu kuna mwenye tatizo hili?" wengi tunajibu "sijui", kwa sababu bibi alikufa kwa "tumbo" na shangazi kwa "kifua". Kumbukumbu za wanawake wa nyumba zikiandikwa zinakuwa fasihi ya familia, na siku moja zinaweza kuwa kadi ya kliniki.

Kwa hiyo mpango wangu kwa binti wa Tanga ni huu. Mwaka huu bibi watatu wa Mombasa, na beti chache za Mwana Kupona. Mwakani Nana Asma'u kwa msaada wako. Akikua kidogo, Mariama Bâ na Zainab Baharoon. Na kuanzia Ijumaa hii, bibi yake mwenyewe. Vitabu ambavyo hutavikuta dukani uliza maktaba ya mkoa, au mtu anayesoma chuo akuangalizie maktaba ya chuoni kwao.

Na siku mtakayokwenda naye zahanati kwa lolote lile, muuguzi akiuliza "Unajisikiaje?", wewe mama nyamaza kwanza. Mhesabie hadi kumi kimoyomoyo. Mwache aseme.

Wiki ijayo tutajibu swali la baba wa Morogoro ambaye mkewe amejifungua mwezi uliopita na sasa hataki kumshika mtoto. Tukijaaliwa.